Kikao cha Shamba la Baba

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, ukungu umeshashuka mpaka kwenye migomba, ndugu wa marehemu baba walipokuja kukaa kikao cha shamba lake. Babu, baba yake marehemu, akawekewa kiti uani, karibu kabisa na mlango wa jiko. Mama alikuwa ndani anawapikia chai. Jiko letu lina mlango mmoja, na kwa mila ya huku mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Basi mama akanasa humo na moshi wake.

Mama ni Mwislamu wa Kiwira, baba alikuwa Mkristo, kwa hiyo walifunga ndoa bomani. Mwiko huo si wa kwao, ila anaushika kuliko wenyeji, maana akikosea mara moja tu watasema hana adabu.

Wakaanza kusema baba mdogo ndiye atakayelitunza shamba. Mama akaninong'oneza pale mlangoni niwaambie kwamba lile shamba walilima wote wawili, yeye na baba. Mimi hata darasani huwa sinyoshi mkono. Nilisema nikitazama miguu yangu.

"Kama ana neno, si aje aseme mwenyewe?" baba mdogo akasema.

Wakacheka. Wote walijua hawezi.

Nikasema wanamwonea kwa kuwa ni mwanamke na Mwislamu. Shangazi akaniuliza, kwani yeye si mwanamke, mbona amekaa kikaoni? Baba mdogo akanionyesha jirani yetu, mzee wa Kiislamu aliyeitwa awe shahidi.

"Sasa nani kabaguliwa hapa, binti?"

Nikaanza kukusanya vikombe vyao. Jibu lilinijia baadaye naviosha. Shuleni ubaguzi tulifundishwa mmoja mmoja, leo wa jinsia, wiki ijayo wa dini. Shangazi ni mwanamke, lakini ni wa ukoo. Yule mzee ni Mwislamu, lakini ni mwanaume. Mama ni mwanamke, na Mwislamu, na wa kuolewa, vyote kwa mpigo, na mtu wa namna hiyo hawakumwekea kiti. Na mimi ndiye mtoto wake.

Babu alipoondoka, mama akatoka macho mekundu. Akasema ni moshi.

Asubuhi yake nilivaa sare, ila badala ya shule nikaenda ofisi ya kijiji. Nikamwambia mtendaji naomba kikao kirudiwe, mahali ambapo mama anaweza kuongea. Akaniuliza naomba kama nani. Nikasema kama mtoto wa marehemu, nikakaa kwenye benchi.