Taa ya Madamu Ilitoka Mikononi Mwangu

Ninyi wa ukurasa huu wa ushauri, nawaomba jina langu mlifiche kabisa. Andikeni tu mji wetu, Nchelenge, inatosha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wanne, na kazi yangu ni kufinyanga. Vyungu vyangu mnavipikia huko Kashikishi bila kujua. Shangazi yangu aliyenifundisha udongo ndiye nachimbusa wetu, yaani mama anayewafunda wasichana wakivunja ungo. Kwa kazi hiyo tunafinyanga mbusa, sanamu ambazo mwanaume haruhusiwi kuziona. Hatuzichomi motoni, zikishafundisha tunazivunja. Zaidi ya hapo sielezi.

Mwaka huu alinifuata sokoni madamu mmoja, mke wa mnunuzi wa samaki mwenye jenereta nyumbani. Alinionyesha gazeti la picha za taa za Ulaya. Moja ilikuwa na kiuno, nyingine imejipinda kama mtu aliyeitwa nyuma, nyingine ina tundu tumboni. Alitaka mguu wa taa wa namna hiyo, wa udongo, wenye njia ya waya katikati. Nikampelekea wa kwanza, akausukuma kwa kidole.

"Hii ni chungu tu, mama. Minataka kintu iko na mwili!"

Jamani, niliumia. Mimi, chungu tu? Nikarudi kwenye udongo na hasira zangu, mikono ikafanya inachokijua. Nilipoona nimefinyanga mbusa, ningeweza kuukanda upya. Sikuukanda. Nilitoboa njia ya waya, nikaichoma kwa magome mpaka ikawa inalia ukiigonga, nikaipeleka imefunikwa kwa chitenge. Kwa mara ya kwanza nakiri: sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na nilitaka kionekane.

Kikaonekana. Wiki iliyopita shangazi alipeleka mihogo kwa madamu akaikuta taa yangu mezani, imevalishwa kofia ya kitambaa, imewashwa, na mpishi, mwanaume na ndevu zake, anaifuta vumbi! Shangazi hakuuliza kitu pale, maana kuuliza kungekuwa kufichua. Alikuja kwangu moja kwa moja.

"Ni Febi," alisema. "Njo yeye anafulaka nguo kule. Udongo anajua, mbusa anajua."

"Mayo," nilimwita kwa heshima, kama mama, "pengine si yeye."

"Basi ni nani? Taja mutu!"

Sikujitaja, naye hakunidhania mimi, mwanafunzi wake. Febi (si jina lake) ni rafiki yangu, tulifundwa pamoja. Binti yake yuko ndani sasa hivi anasubiri kuchezwa ngoma ya ukubwa. Shangazi na wenzake wamekata shauri kwamba Febi atolewe kati yetu na mtoto wake asichezwe. Huku kwetu msichana asiyechezwa anaitwa chungu kisichochomwa, na jina hilo anazeeka nalo.

Nilikimbia kwa madamu kumwomba anirudishie. Alicheka.

"Kurudisha? Taa zinakalaka mbili-mbili, mama. Nifanyie ingine sawasawa na hii."

Mume wangu siwezi kumwambia, ni mwanaume. Padri naye ni mwanaume. Nikikiri kwa shangazi nitatolewa mimi, na binti zangu wawili hakuna atakayewacheza. Nikinyamaza, analipa mtoto wa Febi ambaye hajafanya lolote. Usingizi sina. Naogopa, na ninajichukia kwa kuogopa.

Kibaya zaidi, shangazi amenichagua mimi, kwa kuwa ni rafiki, nimpelekee Febi uamuzi mwezi ukiandama. Jana Febi mwenyewe alikuja kwangu, hajui kitu, amejitwika beseni la udongo aliouchimba na kuuchambua mwenyewe. Aliliweka chini, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, hakuna mutu iko na mikono kama yako. Unifinyangie mbusa ya mutoto wangu. Fanya ile muzuri kabisa."

Nilimwitikia ndiyo. Beseni liko mbele yangu ninapoandika, nimelifunika kwa kitambaa kibichi udongo usikauke. Gazeti lenu linatufikia na boti la samaki, kwa hiyo msichelewe, hasa ninyi akina mama. Nishaurini, nifanye nini?