Mkono wa Boksi

Siku ile dukani, kule Guangzhou, Uchina, tulikuwepo watano: mimi, shemasi wa Lubumbashi aliyekuwa akishonesha jinzi kwenye karakana ileile niliyoitumia mimi, mama wa makamo mwenye duka, ambaye kila mtu alimwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu, na mlinzi wa jengo, aliyekuja kutukataza akaishia kushika vikombe. Ukihesabu na mkono wa mzee wetu, uliokuwa ndani ya mkoba wangu, tulikuwa watano na kitu.

Mkono wenyewe ulikuwa wa boksi. Kwetu Shinyanga mtu akikuagiza viatu anakanyaga kipande cha boksi, anazungushia kalamu, anakata, anakukabidhi unyayo wake. Nilikuwa nakwenda Guangzhou kununua bidhaa na nyayo kumi, kumi na tano, zimefungwa kwa mpira. Mwanzoni nilizidharau. Safari ya kwanza nilimnunulia mdogo wangu wa mwisho viatu kwa kumbukumbu tu, maana nilimlea mimi na nilidhani naijua miguu yake kuliko ninavyoijua yangu. Vilimvuka kila alipopiga hatua. Tangu hapo nikawa naamini kipimo, siamini macho yangu.

Mzee alikuwa jirani yetu, askari magereza mstaafu, mkali, asiyejua kuongea na watoto. Baba alipofariki na mama akamfuata mwaka wa pili, mimi nilikuwa darasa la sita na nyuma yangu wako wanne. Baba zetu wadogo walikuja kugawana: nyumba huku, watoto kule. Mzee alichukua kiti chake akakiweka mlangoni kwetu, akakaa siku tisa, bunduki yake ya upepo ya kufukuzia kunguru ikiwa magotini. Hakumtishia mtu. Kila walipokuja aliwauliza tu wana karatasi gani. Hawakuwa nayo. Siku ya kumi alirudisha kiti kwake bila kuaga. Mimi shule sikurudi, nilianza kuuza mitumba, lakini tulikaa watano chini ya bati moja mpaka kila mmoja akawa mtu mzima. Miaka yote hiyo mzee hakuniomba hata chumvi.

Ndiyo maana aliponiomba bastola sikuweza kucheka.

Alikuwa na wenzake wawili, wastaafu kama yeye. Jumapili baada ya ibada walikwenda nyuma ya tanuri la matofali, wakapanga makopo ya nyanya juu ya gogo na kulenga kwa zamu. Mahali pale walipaita renji, kama uwanja wa shabaha wa askari. Sasa bega la mzee lilikuwa limechoka na bunduki ndefu, na bunduki yenyewe ilikuwa imekufa springi. Akataka kitu cha mkono mmoja. Masharti yake yalikuwa haya: iwe ya bei nafuu, kwa kuwa ni ya kujifurahisha tu, irushe vidonge vya plastiki na isihitaji kibali, kwa sababu hakuwahi kuvunja sheria na hakutaka kuanzia uzeeni, iwe nyeusi, isiwe na taa, na imkae. Akanipa mkono aliouchora mwenyewe na kuukata kwa wembe, upande mmoja ameandika JUU.

"Nunua inayoukaa huo," aliniambia. "Usije ukanunua inayokukaa wewe."

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, Guangzhou haikujua kumwacha mteja aondoke mikono mitupu. Neno la kwanza tulilojifunza wachuuzi wote lilikuwa laoban, la pili meiyou, yaani hakuna. Lakini meiyou ya kule haikumaliza mazungumzo. Ukishaambiwa hakuna, unashikwa kiwiko na kuonyeshwa kilichopo. Nilianzia Sanyuanli, kwenye majengo niliyoyazoea. Wakala wetu wa mizigo, nilipomwambia natafuta bastola, alifunga mlango kwanza, halafu akanisihi nisilirudie neno hilo, hasa kwenye simu, hata kama ni ya plastiki. Basi nikaacha neno nikatumia mkono: naunyoosha, nakunja kidole kimoja, nafumba jicho. Kwa siku mbili nililetewa mashine ya kukaushia nywele, ya kubandikia bei, ya kuyeyushia gundi, drili, na bomba la kupulizia mende. Duka moja walinitazama kwa huruma, wakanipa dawa ya macho.

Shemasi ndiye aliyeniokoa. Jinzi zetu zilikuwa bado zinashonwa Xintang, na yeye hakupenda kusubiri bila kazi. Alinizidi miaka kumi, lakini aliniita yaya, dada mkubwa, tangu aliposikia habari za wadogo zangu.

"Yaya, mi nitakusindikiza," akasema. "Mambo ya bunduki mi najua. Kwetu tulionaka za kweli."

Akanipeleka kwenye jengo la jumla la vitu vya watoto, ghorofa ya tatu, kwenye duka lililojaa bastola ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Laoban alifurahi. Alitutolea ya waridi inayopiga kelele, ya kijani inayowaka macho, na moja iliyoimba wimbo wa siku ya kuzaliwa kila ulipofyatua. Shemasi alizikataa zote kwa uso wa mtu anayekagua gwaride, akachagua kubwa ya rangi ya fedha. Aliinamisha kichwa, akaomba kidogo kwa Kifaransa, akalenga kikombe cha karatasi juu ya katoni. Kidonge kilitoka mlangoni, kikavuka ujia, kikaingia kwenye duka la mawigi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoweka kisu chini.

Laoban alitueleza, kwa Kiingereza chake cha dukani, kwamba ujanani mama mkwe alikuwa mgambo wa kijiji, na kwamba walifundishwa kulenga kwa kuning'iniza tofali kwenye mtutu. Tofali hapakuwepo. Bibi alitundika chupa ya chai kwenye ile bastola ya fedha, akamwamuru shemasi anyooshe mkono, yeye akaendelea kumenya. Kabla hajafika punje ya tatu mkono wa shemasi ulikuwa unatetemeka na chai inamwagikia viatu vyake.

"Ni bonbon, pipi ya watoto tu," shemasi akasema akiirudisha, "lakini ni bonbon muzito."

Bibi akauliza bastola ni ya nani. Nikatoa mkono wa boksi. Hakushangaa hata kidogo. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufuta vumbi, akaupima na wa kwake. Kwenye kidole cha shahada kalamu ilikuwa imezunguka uvimbe wa kiungo. Bibi akaugusa, halafu akatuonyesha uvimbe wake mwenyewe, palepale. Kuanzia hapo hakusema na sisi tena. Aliongea na ule mkono.

Kwanza aliondoa zote zenye kifyatulio kigumu, kwa ajili ya kile kidole. Kisha akaondoa mbili nzuri, za bei ya chini kabisa, na laoban alipolalamika alimwonyesha vidonge vyake: vilikuwa vya umbo la peke yake, havipatikani duka lingine. Nilimwelewa bila mkalimani. Bastola inanunuliwa mara moja, vidonge kila Jumapili, na mzee angekuwa mateka wa duka lililo ng'ambo ya bahari. Zilizobaki alizipanga chini, akawa anauweka mkono juu ya kila mpini, mmoja baada ya mwingine, kama muuza viatu aliye mbele ya mteja mwenyewe.

Mlinzi alifika wakati huo, amepelekewa malalamiko na watu wa mawigi. Alionyesha tangazo la kukataza kufyatua lililokuwa ukutani. Bibi alimjibu maneno machache ya Kikantoni, kwa sauti ambayo shangazi hutumia kwa mtoto aliyeingia na matope. Mlinzi akavua kofia, akachukua vikombe viwili, akasimama navyo mwisho wa duka, mikono imenyooka.

Hakuna mpini uliofaa. Bibi alifikiri, halafu akaingia chini ya meza, tukabaki tunaona soli za ndala zake. Alitoka na boksi lenye vumbi la miaka. Ndani mlikuwa na bastola kumi na mbili nyeusi, hazina taa, hazina wimbo, mpini umechongwa vizuri na umewekewa kikalio cha kidole gumba. Laoban alipoziona aliangalia pembeni. Bibi akaweka mkono wa boksi, JUU ikiwa juu. Uliingia kama ulizaliwa pale.

Kupitia kwa laoban akaniuliza kama mzee wangu ni mashoto.

Hapa nitaeleza ukweli kama ulivyokuwa. Nimeishi ukuta kwa ukuta na mzee huyu zaidi ya miaka ishirini. Nimemwona akila ugali, akipokea sakramenti, akichapa watoto wa watu. Lakini sikumfikiria mzee. Niliangalia boksi: neno JUU linanitazama, kidole gumba kiko upande wa kulia. Mkono wa kushoto, hauna ubishi. Nikasema ndiyo, ni mashoto.

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza. Na yeye alikuwa mashoto. Akaishika bastola kwa mkono wa kushoto, akaangusha vikombe vitatu juu ya katoni na vile viwili alivyoshika mlinzi, ambaye alifumba macho lakini hakusogea. Shemasi alijaribu kwa mkono wa kulia, kikalio kikamchoma, akasema imeharibika. Bibi akamnyang'anya, akamwonyesha mkono wa boksi: mwenyewe ni huyu.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kuimba, ila laoban hakutaka kuuza moja. Boksi zima au basi. Soko limenifundisha kwamba kitu kizuri kikiwa rahisi kupita kiasi uulize kwa nini. Sikuuliza. Kiwanda kilikuwa kimekosea, kimetengeneza mkono usionunuliwa na watu, na mimi nilikuwa nimekuja kutoka Shinyanga kuuchukua. Bibi alinishika mkono mlangoni. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya mzee akiwa ameishika. Nikamwahidi.

Mzigo ulifika baada ya miezi mitatu, bastola zikiwa katikati ya jinzi, zimeandikwa vitu vya watoto. Nilimpelekea mzee nyumbani kwake Jumapili, nimevaa kitenge kipya. Wenzake wawili walikuwepo. Aliifungua taratibu, akaipima uzito, akabonyeza kifyatulio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaishika sawasawa, kwa mkono wa kulia. Akaigeuza. Akaishika tena.

Nilitoa mkono wa boksi kama mtu anayetoa risiti. Mzee akaweka juu yake mkono wa kulia, haukulingana. Akaweka wa kushoto, ukalingana mpaka kwenye uvimbe. Wenzake walianza kuangalia dari.

"Sasa, mwanangu," akasema, "ule ulioshika kalamu ningeuchoraje?"

Alijitahidi, sitamnyima hilo. Jumapili nne mfululizo alilenga kwa mkono wa kushoto. Wenzake walisimama nyuma yake, halafu wakasogea nyuma ya tanuri, halafu wakaanza kubaki kanisani kwa kipindi cha kwaya. Jumapili ya tano alifuatana nami mdogo wangu anayenifuata, ambaye shuleni mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya kiatu mwaka mzima ili aandike kwa wa kulia. Mzee alimpa bastola ili yeye mwenyewe apumzike kidogo. Mdogo wangu aliangusha makopo sita kwa vidonge sita, akaomba radhi, kwa mazoea.

Mzee akachukua kitambaa cha kufutia, akaifunga bastola, akampa.

"Hii ni yake," akaniambia. "Yangu bado."

Kwa hiyo nilikwenda kulipa fadhila nikarudi nimekopeshwa tena. Kumi na moja zilizobaki niliziweka dukani kwangu, zikaisha taratibu, zote kwa mashoto. Sikujua mji wetu unao wengi hivyo. Kabla ya safari iliyofuata nilimchora mzee mimi mwenyewe, mkono wa kulia. Ilibidi niushike ili usisogee. Sikuwahi kuushika kabla.

Lile duka nililikuta, lakini ukuta wote ulikuwa miavuli. Bibi alikuwa amerudi kijijini. Nilipomwonyesha laoban mkono mpya, akaupokea, akaukumbuka ule wa kwanza, akatazama kwanza upande wa mlango. Bastola, hata za plastiki, zilikuwa zimeanza kukaguliwa. "Meiyou," akasema, na kwa mara ya kwanza katika mji ule hakunionyesha kitu kingine. Nilimwachia picha ampelekee bibi. Yumo mdogo wangu na makopo yake. Mzee yuko pembeni, hajashika kitu.

Nimekwenda mara nyingi tangu hapo. Nikirudi mzee ananiuliza kwa nyusi tu, nami namjibu kwa lile neno, ambalo siku hizi analijua. Anaegemea kiti chake, kilekile cha siku tisa, na kuniambia basi nisichelewe na hiyo safari nyingine. Mkono wake wa kulia uko kwenye mkoba wangu, umeanza kukunjika pembe za vidole.