Spea Aliyokalia Cucu

Juzi nilipeleka gari aina ya jipu nililonunua kwa fundi mmoja wa mtaa wa Skuta, akaniuliza spea, lile gurudumu la akiba, ifungwe wapi. Swali dogo la kazi tu, lakini nililizunguka jipu mara mbili kabla ya kumjibu. Acha nikueleze kwa nini.

Jipu la baba, kule kwetu karibu na Mweiga, lilikuwa kuukuu, na zaidi ya nusu yake ilitengenezewa nyumbani. Baba alikata bodi ya nyuma kwa msumeno wa chuma, akapigilia mabati na mbao ili mikebe ya maziwa na magunia ya viazi yaingie. Ndani kulinuka dizeli na maziwa yaliyochacha. Spea ililala sakafuni nyuma ya dereva, na juu yake, kwenye blanketi lililokunjwa, alikaa mama yake baba, ambaye sote tulimwita Cucu. Kila Jumapili alienda kanisani hivyo, ameshika mgongo wa kiti cha mwanawe, akimkumbusha kupunguza mwendo kila kona.

Wenzangu shuleni walicheka. Cucu wenu ni mzigo, walisema, anabebwa juu ya taya, tairi la spea. Nilikuwa na miaka kumi na niliona aibu sana. Nikamdanganya baba kwamba Cucu amechoka kukalia gurudumu, ila anaona haya kumwambia.

Baba aliumia, masikini. Wiki nzima alikuwa uani akichomelea. Spea aliifunga kwenye mlango wa nyuma kama magari ya watalii, na ubavuni akatengeneza kiti kirefu kwa mbao nzuri aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mlango wa nyumba. Mama akashona mto.

Cucu alikikalia mara moja. Miguu yake ilining'inia, kila shimo lilimrusha, na mgongo wa kiti cha mwanawe alikuwa haufikii. Jumapili iliyofuata alisema magoti yanamuuma, akabaki nyumbani. Nilipompelekea chai, aliniambia taratibu, "Usimwambie baba yako. Hicho kiti amekitengeneza na roho yake yote. Ni vile mimi nilikuwa nimezoea ile taya."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuambiwa ninyamaze. Baba hakuuliza kitu. Aliamini mama yake amedharau kazi yake, na tangu hapo wakawa wanaongea mambo ya ng'ombe tu. Cucu hakwenda kanisani tena mpaka siku tuliyompeleka kumzika.

Basi nilimwambia fundi aiweke ndani, nyuma ya dereva. Akacheka, ati nimekula nafasi ya mtu. Nikaendesha moja kwa moja hadi Mweiga. Baba, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo, alifungua mlango wa gari na kuuliza spea inafanya nini pale. Nikamweleza yote, uongo wangu na maneno ya Cucu, tukiwa tumesimama uani.

Hakunigombeza. Alivua sweta, akalikunja, akaliweka juu ya gurudumu na kukaa taratibu, mkono kwenye mgongo wa kiti cha dereva.

"Kumbe hakukidharau kiti changu," alisema.

Jipu lile liliuzwa zamani kama vyuma kuukuu, na kiti chenyewe kiliishia kuwa mahali pa kuku kulala. Barabara ya kanisani ina lami sasa, haimrushi mtu. Baba nimemwambia, hata kama nimechelewa. Cucu ndiye sina pa kumpata nimwombe msamaha.