Tangi Lisilovuja

Mtaani walimwita Gundi, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuziba. Beseni lililopasuka, ndoo iliyotoboka kitako, dumu lililopigwa na jua mpaka likachanika, vyote vililetwa kibarazani kwake. Alikuwa akipasha moto kipande cha chuma kwenye jiko la mkaa, akakigandamiza kwenye plastiki, moshi mchungu ukapanda, na ufa ukafumba mdomo. Akimaliza alijaza maji, akakiinua chombo juu ya kichwa na kukitazama kitako muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asipoona tone, alikohoa kidogo. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa furaha yake yote, nyingine hakuwa nayo.

"Gundi akikohoa, chukua ndoo yako uende zako," kinyozi wa jirani alikuwa akiwaambia wateja wake. "Asipokohoa, ujue umebeba chujio."

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa studio ya picha ya dada yake. Dada huyu alimzidi umri kwa mbali, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, kwa hiyo kwake alikuwa dada siku za furaha na mama siku za kugombezwa. Watu walimwita Mama Giza. Ukiingia studio usimkute, jibu lilikuwa moja: yuko gizani. Alipiga picha za vitambulisho, za maharusi, na za watoto waliokalishwa juu ya kigoda wakaangua kilio, kwa kamera moja nzito ya kizamani iliyotumia filamu pana. Kisha aliingia nyuma ya pazia, kwenye chumba kisicho na dirisha, akazisafisha mwenyewe.

Humo ndani alipanga mabakuli. La kwanza lilikuwa na dawa ya kuitoa picha, aliyoichanganya na magadi ili ifanye kazi haraka. La pili lilikuwa na maji ya siki ya kuikomesha dawa ile, na la tatu dawa ya kuigandisha picha isifutike. Alishika filamu kwa ncha zake mbili, akaisukasuka ndani ya bakuli, mkono huu juu, mkono huu chini, gizani kabisa, huku vidole vikizama kila mara. Glavu alishajaribu. "Nikivaa glavu ni kama kuvaa upofu juu ya giza," alisema. "Sijui nimeshika filamu au nimeshika kidole changu."

Basi mikono ikaanza. Kwanza ilimwasha, yeye akacheka na kuipaka mafuta. Halafu ikapasuka katikati ya vidole, kucha zikawa za rangi ya chai, na ngozi ya viganja ikawa inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Sasa, mpiga picha hushika watu. Huinua kidevu, hunyoosha kola, hugeuza bega. Siku moja alipeleka mkono kwenye shavu la mtoto ili amgeuzie kwenye taa, na mama wa mtoto akamvuta mwanawe nyuma. Hakusema neno baya. Alimvuta tu. Mama Giza akaurudisha mkono wake, akauficha nyuma ya kamera, akapiga picha hivyo hivyo huku mtoto ameinamisha kichwa.

Alikwenda hospitali. Daktari wa ngozi aliigeuza mikono ile, akamuuliza kazi yake, akatikisa kichwa. Jioni Mama Giza alimsimulia mdogo wake kama mzaha.

"Ananiambia ngozi yangu imeichukia dawa, nisiiguse tena. Namuuliza, nisipoigusa nitasafishaje picha? Ananijibu nitafute kazi nyingine. Kama vile zimeanikwa uani, nikachague."

Gundi hakucheka. Alikuwa anatazama jinsi dada yake anavyoshika kikombe, kwa viganja badala ya vidole.

"Nikiacha hii kazi nabaki nani mimi?" dada yake akasema, sauti ikiwa imeshuka. "Nikae tu nangoja watu wapite waniulize nimeamkaje?"

Hapo ndipo Gundi alipoanza kuwaza tangi. Alikuwa amesikia kwamba viwandani wanatengeneza vitangi vya kusafishia filamu, lakini vile vilikuwa vya filamu ndogo, na kamera ya dada yake haikula filamu ndogo. Akasema moyoni, chombo ni chombo. Filamu ikae ndani, dawa ikae ndani, mikono ikae nje. Kwa mtu aliyekulia kwenye mabeseni, hilo halikuonekana gumu.

Tangi la kwanza alilitengeneza kwa ndoo ya buluu yenye kifuniko, ndani akaweka kigurudumu chenye mifereji ili filamu ijizungushe bila kugusana. Dada yake akajaribu na kipande cha filamu. Kilitoka cheusi tii, kama kimefiwa. Gundi akaingia chumba cha giza, akawasha tochi ndani ya ndoo, akafunga, akatazama. Ndoo nzima ilikuwa inawaka kama taa. Mwanga haukuhitaji ufa, ulipita kwenye plastiki yenyewe.

"Umetengeneza fanusi," kinyozi alimwambia. "Kazi nzuri. Ungesema mapema tungekuja na karata."

La pili likawa la dumu jeusi la mafuta ya gari, zito na nene. Alilikata shingo, akaliwekea kifuniko chenye mpira wa tairi la baiskeli pembeni, na juu yake nyaya za kukaza. Na hapa aliweka ufundi wake wote. Alilijaza maji, akalipindua, akalitikisa, akalikalia. Halikutoka tone. Haikutoka hata pumzi. Maisha yake yote Gundi alikuwa adui wa tundu, na katika tangi lile alikuwa amelishinda moja kwa moja. Akakohoa, mpaka kinyozi akatoka nje kutazama.

Asubuhi iliyofuata Mama Giza alizungusha filamu kwenye kigurudumu gizani, akatia dawa ya kwanza, akakaza nyaya, akatoka na tangi mikononi kama aliyebeba kichanga. Akakaa dirishani, kwenye jua, akawa anatikisa. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kusafisha picha akiwa anaona watu wakipita barabarani. "Kumbe dunia inaendelea," alisema, akatabasamu. Muda ulipotimia alirudi nyuma ya pazia, akamwaga dawa, akatia siki, akakaza tena, akarudi dirishani.

Akatikisa, kisha akaacha. Akasogeza tangi karibu na uso.

"Kuna kitu kinanong'ona humu."

"Ni maji yanazunguka," Gundi akasema.

"Si maji. Kinasukuma. Nifungue?"

"Usifungue, mwanga utaingia. Kaza tu, dada."

Akakaza. Waya mmoja ukateleza, kifuniko kikaruka, na ukingo wake ukampiga kwenye jicho la kulia.

Siki, na magadi yaliyobaki ndani ya tangi. Kila aliyewahi kusimama jikoni anajua vikikutana vinatoa povu, na dada na mdogo wake walijua tangu wakiwa wadogo. Kwenye bakuli lililo wazi povu lile lilipanda likafa lenyewe, hakuna aliyeliwaza. Kwenye tangi la Gundi halikuwa na pa kwenda. Hewa ile ilitafuta tundu, na fundi alikuwa amehakikisha hakuna.

Hospitali walimfunga jicho, wakasema wangoje. Walipolifungua, Mama Giza aliangalia ukuta, akamwangalia mdogo wake, akasema anaona, ila kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha dirisha la bafuni. Wakasema wangoje tena. Wakangoja. Kioo cha bafuni kikabaki pale pale.

Gundi alilichukua tangi aende kulichoma. Dada yake alimkuta uani ameshika kiberiti.

"Lete hapa."

"Dada, niache."

"Ulichome, halafu jicho langu liwe limekwenda bure? Kaa chini ulitengeneze. Na mikono yangu bado inawasha, usisahau hilo ndilo tulilokuwa tunalishughulikia."

Akakaa. Alijua la kufanya, ila mkono haukutaka. Alipasha moto msumari mpaka ukawa mwekundu, akausogeza kwenye kifuniko, ukapoa. Akaupasha tena, ukapoa tena. Kutoboa chombo kizima lilikuwa jambo ambalo vidole vyake havijawahi kuambiwa. Alipotoboa hatimaye alifumba macho, kama mtu anayechoma sindano mwili wa mtu wake.

Kwenye tundu lile alipachika mrija uliopinda, ukapinda tena. Hewa hupiga kona, maji hupiga kona, lakini mwanga hauna akili hiyo, hugonga ukuta ukafia hapo, hasa ukuta ukipakwa masizi. Akatengeneza na mrija wa pili mpana zaidi, nao umepinda, juu yake faneli ya mafuta ya taa, ili dawa imiminwe na kumwagwa bila kufungua kifuniko. Akaweka tochi ndani, akaingia gizani. Giza. Akatia magadi, akatia siki, akalisogeza mbali, akatazama. Tangi likahema kidogo, povu likachungulia kwenye mrija, likashuka. Likarudi kimya.

Safari hii hakukohoa.

Mama Giza alilitumia, na likafanya kazi. Ukiweka jicho kando, lilifanya kazi vizuri kuliko walivyoota. Alizungusha filamu gizani kwa mikono mikavu, akatoka, na yaliyobaki yote aliyafanya mezani, akimimina kama anayemimina chai. Hakugusa dawa. Mipasuko ya vidole ikaanza kufunga. Ngozi mpya ikaja, nyororo, ya rangi ya waridi kidogo, na siku moja Gundi alimwona akiinua kidevu cha mteja kwa vidole viwili, na mteja akatulia tu, hakustuka. Siku ile Gundi alifikiri labda wamepona.

Kisha watu wakaanza kurudisha picha.

"Mama, mbona nimekuwa na ukungu?" bwana mmoja aliuliza, kwa adabu. Mwingine akauliza bila adabu. Kinyozi akasema Mama Giza siku hizi anapiga picha za roho, miili inabaki nyumbani. Alisema kabla hajafikiri, na alipomwona Gundi amesimama mlangoni alijifanya anatafuta wembe.

Jicho la kushoto la Mama Giza lilikuwa bovu tangu utotoni. Alikuwa akiulenga uso wa mtu kwa lile la kulia, akizungusha pete ya lenzi mpaka kope zionekane moja moja. Miwani haikusaidia. Alijaribu kupima kwa kamba kutoka kwenye kamera hadi kwenye kiti, lakini watu hupumua, watoto hujisogeza, na bibi arusi huwezi kumfunga kamba.

Gundi akazichukua filamu, akazitundika dirishani. Hazikuwa na mkwaruzo wala doa, wala mwanga ulioingia kwa wizi. Pazia la nyuma ya mteja lilionekana uzi kwa uzi. Na mbele ya pazia, mahali pa uso, palikuwa na kitu laini kama unga uliomwagika.

Dada yake akaingia, akasimama nyuma yake.

"Ni tangi," Gundi akasema haraka. "Nimeona tatizo. Dawa haizunguki sawasawa. Nipe siku kidogo nilirekebishe."

Mama Giza akasogea dirishani. Alichukua filamu moja, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, karibu kabisa mpaka ikagusa kope, akaipeleka taratibu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Pazia limesafishwa na tangi lipi," akauliza, "na uso umesafishwa na lipi?"

Gundi akatazama chini.

"Usilisingizie. Tangi halina kosa. Limetoa kila kitu kama kilivyoingia." Akairudisha filamu kwenye kibanio. "Mimi ndiye niliyeingiza hivyo."

Gundi alitaka kumwambia jambo. Alitaka kusema ni yeye aliyesema kaza. Lakini dada yake alikuwa anajua, naye Gundi alijua kwamba dada anajua, na kati ya watu wawili wanaojua kitu kilekile hakukuwa na la kuongeza. Alishusha filamu zote, akazikunja.

Studio ilifungwa bila kelele. Kibao kilibaki juu, mlango ndio haukufunguliwa. Baadaye akaja mpiga picha kijana wa mtaa wa juu, aliyesikia habari za tangi. Mikono yake ilikuwa imeshaanza, akawa anaificha mifukoni. Mama Giza alimwonyesha, polepole, kwa mikono yake mizuri iliyopona. Shika hapa. Mimina hapa. Likihema usiogope, liache liheme.

"Mama, wewe mwenyewe mbona hulitumii?" kijana akauliza.

"Nimepumzika," akasema, na kijana akafurahi kwa ajili yake.

Alilichukua. Baada yake wakaja wengine, kila mmoja anataka lake, na Gundi akawa anatengeneza, maana watu wana mikono na mikono inauma. Kinyozi alimwambia sasa amekuwa mtu mkubwa. Gundi akapasha moto msumari mwingine. Kila asubuhi dada yake alitoa kiti, akakaa kibarazani karibu na jiko la mkaa, amekunja mikono mapajani, akingoja wapita njia. Wakimpungia mkono kutoka upande wa kulia, iliwabidi waite kwa sauti, na yeye aligeuza kichwa chote, akauliza, "Nani huyo?"