Mama Mkwe Alinigeukia Mimi

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Sare za watoto wa mtaa mzima zimepita mikononi mwake, na tepu ya kupimia haitoki shingoni hata akienda kliniki ya presha. Mimi nikienda kufua nguo za watu, yeye ndiye hubaki na mwanangu.

Juzi nilirudi nikamkuta anashona, peke yake.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

Nilimkuta mwanangu kando ya barabara, anachezea mchanga, magari yanapita. Tangu siku ile sijalala sawasawa.

Kwa hiyo leo nilimsindikiza kliniki ili nimwambie nesi. Lakini kwenye benchi mama alichangamka kama yuko harusini. Akamtania mzee mmoja, "Baba, nani kakushonea suruali hiyo? Mguu mmoja unakwenda sokoni, mwingine umebaki nyumbani!" Watu wakacheka. Nikajiuliza nani ataniamini.

Ndani, nesi alimuuliza, "Bibi, leo siku gani?"

"Wee mjukuu wangu, umeajiriwa hapa na siku huijui?"

Nesi akacheka. Ndivyo mama anavyowakwepa manesi kila mara.

"Una wajukuu wangapi?"

Mama akanitazama, na mdomo wangu ukajisemea, "Mmoja." Nyumbani tumezoea hivyo. Akikwama namdakia, mume wangu anamdakia, hata wateja humkumbusha gauni ni la nani. Tumetia viraka mpaka hakuna anayeona jinsi kitambaa kilivyochakaa.

"Dada, muache ajibu mwenyewe," nesi akasema. "Bibi, mjukuu wako anaitwa nani?"

Mama akanigeukia. Macho yake yaliniomba. Nikainama, nikatazama kandambili zangu. Akaivua tepu shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Hata sijui," akasema polepole.

Hapo nikaeleza yote, na ya barabarani pia. Nesi akasema daktari atamwangalia vizuri wiki ijayo, ila kuanzia leo asiachiwe mtoto peke yake.

Tulirudi kwa miguu, amenishika mkono. Tulipofika kwake akasema, "Kesho umlete mtoto mapema, nimpime kaptula."

"Nitamleta, mama. Na mimi nitashinda hapa."

"Na kufua je?"

Niliketi sakafuni kando ya cherehani, nikaanza kufumua shati la sare ambalo mkono wa kulia ameushonea kushoto.