Masaa Manne Yaliyopotea Angani

Nilimfumania shemeji yangu mtarajiwa bila kunyanyuka kwenye kiti. Silaha yangu ilikuwa kikokotoo cha simu tu.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaposwa na jamaa anayeishi ng'ambo. Mimi nilimpachika jina Bwana Majuu. Mtu gani anapiga picha na kila gari analopita karibu nalo? Sikumpenda, na sikuficha.

Siku ya posa, saa mbili asubuhi, shangazi yake akawa ameshafika kwetu. Mama muuza mkaa, kucha nyeusi, hata jina lake hajui kuliandika. Nikajisemea, kumbe ndio wakwe hawa!

Bwana Majuu mwenyewe alikuwa njiani. Tiketi alishamtumia dada kwenye simu, nikaiomba niione.

Kuondoka saa mbili usiku. Kutua saa tatu asubuhi.

Masaa kumi na matatu, sivyo?

Nikaingia mtandaoni kuhakiki. Kutoka mji wake hadi wetu ni kilomita elfu saba na mia sita. Ndege ya moja kwa moja, masaa tisa.

Tisa! Yale manne kayapeleka wapi?

Nikasimama katikati ya sebule, mbele ya mama na huyo shangazi.

"Dada, unazugwa. Huyu ametua tangu saa kumi na moja alfajiri. Masaa manne yote yuko kwa mwanamke mwingine, halafu aje kwetu anajifanya ndio kwanza anashuka!"

"Mwanangu, una uhakika?" mama akauliza.

"Mama, mwalimu wa jiografia humu ndani ni nani?"

Dada akampigia. Haipatikani.

"Amezima. Si nilisema?"

Dada akalia, akaandika: "Usije. Nimejua kila kitu." Akatuma. Nilifurahi, sitadanganya.

Shangazi akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwalimu, mimi sikusoma, nifahamishe. Mwanangu huyu huwa nampigia nikishafunga banda la mkaa, giza limeingia. Yeye ananiambia kwao jua bado linachoma. Sasa hiyo saa mbili ya usiku ni ya kwetu au ya kwao?"

Nikaisoma tena ile tiketi.

Ilikuwa ya kwao. Kwao wako nyuma yetu masaa manne, na tiketi huandika saa ya kila mji kwa mji wake. Mada hiyo naifundisha kila mwaka, na wanaofeli nawaita vilaza.

Bwana Majuu alikuwa bado angani, ndiyo maana simu haikupatikana.

Dada akajaribu kuufuta ujumbe, ikashindikana. Saa tatu na robo simu ikaita. Akapokea huku analia, anaomba msamaha. Sote tulimsikia jamaa akijibu, bila hasira:

"Likizo hii nimeiomba miezi minane. Ungeniuliza tu."

Akakata. Jioni ile ile akapanda ndege kurudi alikotoka.

Shangazi alifunga khanga yake vizuri, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Ahsante kwa chai, mwalimu."

Ndugu zangu, ukishamdharau mtu, kila hesabu utakayompigia itakupa jibu unalolitaka.

Dada bado yuko nyumbani. Tunakula meza moja. Ila haniiti tena kaka. Siku hizi na yeye ananiita mwalimu.