Mama Hajaachwa

Juzi, kwa daktari wa meno, niliona kalenda yenye picha ya ile monasteri ya kale, makao ya watawa yaliyobaki magofu, kwenye milima ya Wales, na harufu ya kondoo waliolowa ikanirudia.

Nilipokuwa mdogo tulitoka Small Heath, mtaa wetu wa Birmingham, watatu: Baba, Mama na mimi, tukapita vijiji vya mawe, sambusa za Mama zikinukia garini. Baba aliposhuka kutia petroli, Mama alimpigia dada yake, akanong'ona, "Mwenzio nimeachwa."

Mimi, mtoto wa Birmingham, Kiswahili nilikisikia tu. Kujibu, nilijibu kwa Kiingereza. Kwangu kuachwa kulikuwa kusahauliwa njiani. Sikujua kwamba mke huachwa kwa talaka, hata akiwa kiti cha mbele, amefunga mkanda.

Basi kule monasteri, kati ya kuta zisizo na paa, niliushika mtandio wa Mama alasiri nzima, asisahauliwe, hata alipokwenda chooni. Nao wazazi wangu wakanipiga picha, wakiniambia nicheke.

Tulipofika nyumbani nilisema, kwa fahari, sentensi yangu ya kwanza nzima ya Kiswahili: "Baba, umeona? Mama hajaachwa!"

Mama alifungua mlango wa gari, akanishusha. Baba hakuzima gari.